Jinsi ya Kuipima Bugobogobo

Anayeiona bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, kwa mara ya kwanza, awe Chato au Mwanza, hulikodolea macho jembe likizunguka hewani. Haki yake, linapendeza. Ila wewe subiri lirudi mkononi. Kundi lililoiva hudaka mpini mgongo ukiwa tayari umeinama kama wa mkulima. Kundi la kubabaisha hudaka kwanza, ndipo likakumbuka kuinama.

Halafu fumba macho, usikilize njuga. Miguu ikikanyaga kwa pamoja, mlio hukatika chap! Ikipishana, utasikia njuga zinajiburura nyuma ya ngoma. Ukifumbua, tazama mstari wa nyuma, maana hodari wote hupangwa mbele.

Asili yake ni shambani: Wasukuma wakilima kwa makundi, ngoma ikiwapa mwendo. Kwa hiyo mdundo ukizidi kasi ya mtu anayelima kwelikweli, hiyo sasa ni sarakasi. Vikundi vingi vya jukwaani vina ugonjwa huu, na kwangu havipati kitu, hata vishangiliwe vipi.

Suala la nani kashinda ni gumu zaidi. Linganisha na kuogelea kisanaa, mchezo ambao nao hutaka watu wafanye mambo kwa pamoja, ila majini: kuliingia Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, na huko waamuzi ndio hutoa alama. Siku hizi kundi hutangaza mapema ugumu wa kila kipande; likishindwa kukitimiza, alama za kipande hicho huporomoka. Usukumani mwamuzi ni miguu ya watazamaji. Katika Bulabo, sherehe za kila Juni pale Bujora, makundi mawili hasimu ya ngoma, Wagika na Wagalu, hucheza kwa wakati mmoja, kila upande na uwanja wake, na anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Utaratibu mtamu, lakini akitolewa chatu upande wa pili, watu huhama mbio na kundi safi likabaki na watoto. Usihame nao. Angalia wazee gani wamebaki, hasa wale ambao viganja vyao vina sugu za mpini.

Mwisho, omba jembe lianguke. Mchezaji wa kawaida hulikimbilia. Aliyefundwa huendelea kulima mikono mitupu, mguu kwa mguu na wenzake, mpaka wote wainame tena. Hapo ndipo huliokota, na walio mbali hawajui kitu.