Video ya samaki iliyotaka kutuuzia inchi 85

Hapa tumezoea kuchambua vitabu na filamu za sayansi. Leo nachambua filamu isiyo na jina, isiyo na mtunzi anayetajwa, isiyo na mwanzo wala mwisho. Ni ile video inayozunguka mchana kutwa kwenye skrini za madukani: samaki wa rangi rangi, kinyonga anageuza jicho, asali inadondoka taratibu, fataki zinapasuka kwenye anga jeusi tii. Sote tumeiona. Wengi tumesimama mbele yake mdomo wazi, na baadhi yetu tumetoa pesa kwa sababu yake.

Mimi niliitazama mara ya mwisho nikiwa na mjomba wangu, katika duka moja mjini Unguja. Mjomba amestaafu. Kiinua mgongo kimemalizia nyumba yake Fumba, na kimebaki kiasi. Ndani ya nyumba hiyo kuna chumba kidogo, mita 3 kwa 3.6, ambacho yeye anakiita "sinema". Msimcheke. Mjomba ni mtoto wa mjini, wa zama za kupanga foleni Majestic pale Vuga na Cine Afrique pale Malindi kwa ajili ya filamu za Kihindi. Sasa anataka wajukuu wakae naye gizani watazame kitu kimoja, badala ya kila mtu kuinamia simu yake.

Basi akasimama mbele ya inchi 85 ya 8K, akasema, "Hii hii." Muuzaji akaongeza moto: kubwa zaidi, K nyingi zaidi, mwanga mkali zaidi. Nikamwambia, "Mjomba, nipe siku mbili." Maana pesa hizi ni za mara moja. Zikikosewa, hakuna mshahara wa mwisho wa mwezi wa kuja kurekebisha.

Sasa tuichambue video yenyewe, kwanza kwa vile isivyoonyesha.

Haina sura za watu. Jicho la binadamu linaijua rangi ya ngozi. Uso ukizidishwa wekundu kidogo tu, unashtuka. Lakini nani anajua yule kinyonga ana kijani gani hasa? Rangi zikikolezwa kupita kiasi, hakuna wa kulalamika. Pili, kila kitu kinakwenda polepole. Asali haikimbii. Mpira uliopigwa Amaan unakimbia, na hapo ndipo skrini dhaifu inaacha ukungu nyuma ya mpira. Tatu, hakuna mwanga hafifu. Kuna mwanga mkali na kuna weusi mtupu, basi. Hakuna hata onyesho moja la chumba chenye taa ya kandili, mtu amejificha kwenye kivuli, na vivuli ndipo skrini nyingi zinapofeli mtihani. Kwa ufupi, ni filamu iliyotungwa kwa ustadi ili isiulize swali ambalo skrini haiwezi kulijibu.

Tukarudi Fumba na futikamba. Tukaanza na ukubwa.

Mkaza mjomba alikuwa na hofu yake: TV kubwa kwenye chumba kidogo inaua macho. Hofu hii iko kila mahali, lakini ukubwa wa picha peke yake hauharibu jicho. Macho huchoka kwa kutazama muda mrefu bila kupepesa, na kwa skrini kali ndani ya giza. Kinachopimwa ni pembe: picha inachukua nyuzi ngapi za upana mbele ya macho yako. Kipimo kinachohusishwa na wahandisi wa SMPTE wa Marekani ni nyuzi 30 hivi. THX wanapendekeza karibu 40. Ukitaka kupima bila kifaa, nyoosha mkono na ukunje ngumi. Ngumi moja ni takriban nyuzi 10. Kwa hiyo skrini ya sinema ya nyumbani inatakiwa iwe na upana wa ngumi tatu hadi nne.

Kochi la mjomba linaweka macho yake mita 2.7 kutoka ukutani. Kwa umbali huo inchi 65 inampa karibu nyuzi 30, inchi 75 inampa 34, na inchi 85 inampa 38. Nakiri hapa muuzaji alinishinda: hata ile 85 haikuwa kubwa mno kwa kochi. Lakini wajukuu hawakai kwenye kochi. Wao wako kwenye mkeka, mita moja na nusu tu kutoka kwenye skrini. Kwa mita 1.5, inchi 85 ni nyuzi 64. Hapo mtoto hatazami picha, anageuza shingo kama anayetazama tenisi.

Tukaja kwenye K. Jicho lenye uoni wa kawaida linatenganisha vitu vilivyopishana kwa sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja. Skrini ya inchi 85 ina upana wa sentimita 188. Gawanya kwa pikseli 3,840 za 4K, unapata karibu nusu milimita kwa kila pikseli. Ukikaa mbali zaidi ya mita 1.7, kwa kipimo hicho pikseli hizo huzioni tena moja moja. Ili uifaidi 8K yote kikamilifu inakubidi usogee hadi sentimita 84. Yaani mjomba atoe kochi, aweke kigoda, akae na pua mbele ya kinyonga! Na filamu zenyewe anazozipenda ni za zamani, nyingi anazo kwenye DVD zenye mistari 576. Pikseli milioni 33 za 8K haziwezi kurudisha kitu ambacho diski haikuwahi kukibeba.

Kisha mwanga, na hapa ndipo nina ugomvi mkubwa zaidi na video ile. Muuzaji alisifu mwanga wa niti zaidi ya elfu. Niti ni kandela moja kwa kila mita ya mraba, kipimo cha ung'avu wa skrini. Unajua nyeupe ya sinema ya kidijitali imewekewa kiwango gani? Niti 48. Siyo elfu, ni arubaini na nane. Na watu wanalia, wanacheka na wanaamini. Sinema haishindi kwa ukali wa taa, inashinda kwa giza lililoizunguka.

Chumba cha mjomba kina mlango wa kioo upande wa magharibi. Alasiri jua la Fumba linaingia bila hodi. Tufanye hesabu. Tuchukue mwanga wa laksi 100 unaoangukia skrini, na skrini inayorudisha asilimia 2 ya mwanga huo kwa kuusambaza. Weusi wa picha unaongezewa niti 0.64 za bure. OLED, ambayo kila pikseli yake inajizima yenyewe, husifiwa kuwa na tofauti ya weupe na weusi isiyo na kikomo. Tuipe niti 400 za weupe: ndani ya chumba hiki, tofauti hiyo inashuka hadi mara 630 hivi. Ichukue LCD ya aina ya VA yenye niti 500 na tofauti ya 4,000 kwa moja: inapata mara 657. Zimelingana! Ile ya bei kubwa imepigwa na mlango wa kioo.

Sasa funga pazia zito, laksi zishuke hadi 5. OLED inapanda hadi zaidi ya mara 12,000, na LCD inafika kama 3,200. Tazama vizuri: LCD ile ile imekuwa bora karibu mara tano, na kilichoongezwa ni kitambaa. Hakuna skrini dukani inayokupa ongezeko hilo kwa bei ya pazia. Ndiyo maana nasema video ya samaki inatufundisha vibaya. Inatufanya tununue kioo, wakati kinachotakiwa kwanza ni chumba.

Lilibaki swali ambalo mimi na futikamba yangu hatukuliwaza. Mkaza mjomba ndiye aliyeliuliza: "Na sisi tunaokaa pembeni?"

Mafundisho mengi ya sinema ya nyumbani yanamfikiria mtu mmoja, kiti kimoja, katikati. Nyumba zetu haziko hivyo. Watu wanakaa kuzunguka kuta, mgeni akija anasogezewa mto, na chumba kikiwa kidogo ndivyo pembe inavyokuwa mbaya. Aliyekaa mita 1.2 mbele ya ukuta wa skrini na mita 1.3 kando anaitazama kwa nyuzi 47. Kwa pembe hiyo, VA inafifia na rangi zake zinapauka. IPS inavumilia pembeni, lakini weusi wake ni wa kijivu, tofauti yake ni kama 1,000 kwa moja. OLED inakaa vizuri pande zote, ila bei yake inauma. Dukani huwezi kuligundua hili, kwa sababu umesimama katikati, uso kwa uso.

Hukumu yangu kwa mjomba ikawa hii. Inchi 75, 4K, siyo 8K. Pazia zito la rangi iliyokolea kabla ya skrini yenyewe. Ukuta wa nyuma ya TV upakwe rangi nzito isiyong'aa. Skrini ishushwe, kwa sababu jicho la aliyekaa kwenye mkeka liko chini ya mita moja. Wapachikaji wetu wanapenda kuitundika juu kama saa ya msikitini. Stabilaiza isikosekane: waya wa umeme wa chini ya bahari unaingilia kisiwani hapa hapa Fumba, lakini hilo halijawahi kuzuia umeme kuyumba. Na TV ikiwashwa, itolewe kwenye mpangilio wa dukani, iwekwe kwenye ule wa filamu.

Kuhusu aina ya skrini hatujakubaliana. Mimi nimesema VA, kwa sababu pesa ina mwisho. Mkaza mjomba anataka OLED, hata kama ni inchi 65, ili wa pembeni nao waone. Nimepiga hesabu mara tatu kutafuta kosa lake, sijalipata. Mjomba amesema atatoa jibu Ijumaa.

Pazia lakini limeshanunuliwa.