Malumbano ya Washairi na Adabu ya Kumjibu Usiyemjua

Neno malumbano limetokana na kitenzi kulumba, yaani kusema kwa ufasaha mbele ya watu. Mwenye kipaji hicho huitwa mlumbi. Kitenzi hicho kikitiwa kauli ya kutendana, twapata kulumbana: huyu anasema kwa ufasaha, na yule anamjibu kwa ufasaha. Kwa asili yake, basi, neno hili halina ugomvi ndani yake. Ugomvi tumeutia sisi wenyewe. Katika insha hii nakusudia kuyatazama malumbano ya kishairi yaliyofanyika katika magazeti yetu, niyapime uzuri wake na ubaya wake, kisha nionyeshe kwa nini yafaa kufundishwa shuleni kama mafunzo ya kujibizana na watu tusiowajua, wala si kama mazoezi ya vina na mizani peke yake.

Asili ya malumbano

Kujibizana kwa mashairi ni desturi kongwe ya pwani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi mengi ya kuwajibu wapinzani wa mji wake, hasa watu wa Lamu. Hata hivyo, watu wa zama zile walijuana. Walizijua koo zao, walijua nani mwana wa nani, na maneno yao yalichukuliwa kwa majahazi kutoka mji hadi mji.

Gazeti lilileta jambo jipya. Mwaka 1923 gazeti la Mambo Leo lilianzishwa Dar es Salaam na serikali ya kikoloni, nalo likawapa washairi nafasi. Hapo mtu wa Tanga aliweza kutoa fumbo, na mtu wa Tabora akalifumbua, hali hawajapata kuonana wala hawakutarajia kuonana. Mashairi hayo yalipendwa hata baadhi yakakusanywa katika kitabu, Mashairi ya Mambo Leo, mwaka 1946. Baadaye magazeti kama Ngurumo, Uhuru na Mzalendo yaliendeleza desturi hiyo. Kwa njia hiyo, mtu wa kawaida aliweza kubishana hadharani na mtu asiyemjua kabisa.

Jambo hilo si dogo. Huku kusini, kama pengine nchini, tunao utani. Mtani humkejeli mtani wake hata msibani, naye hakasiriki, kwa kuwa mpaka wa kejeli hiyo uliwekwa na wazee wa pande zote mbili. Lakini mgeni hana utani na mgeni. Ukimkejeli mtu usiyemjua, umemtukana. Ilibidi basi kipatikane kitu kingine cha kushika nafasi ya utani, na kitu hicho kilikuwa sanaa yenyewe ya ushairi.

Kanuni zilizowalinda washairi

Tukiyachunguza malumbano bora ya magazetini, twaona kanuni nne zikifuatwa, ingawa mhariri hakuzibandika ukutani.

Kwanza, mshairi alianza kwa salamu. Alimwomba mhariri nafasi, akamtaja anayemjibu, tena mara nyingi akamwita ndugu, malenga au ustadhi, ndipo akaingia katika hoja. Pili, alijibu kwa bahari ile ile aliyoitumia mwenziwe, na mara nyingine kwa vina vile vile. Kanuni hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Huwezi kuandama vina vya mtu bila kulisoma shairi lake mara nyingi. Na ukilisoma mara nyingi, maneno yake yatakuingia hata kama hukutaka. Tatu, chini ya shairi palikuwa na jina. Washairi walipenda lakabu za majivuno, lakini kwa kawaida lakabu hiyo ilifuatwa na jina halisi, sanduku la posta na mji. Mwenye kutukana alijua kwamba barua yaweza kumfikia. Nne, palikuwa na muda. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, masika yakizidi, njia ya kusini ilikatika kwenye mto Rufiji. Gazeti lilifika Masasi limechakaa, na jibu letu lilifika Dar es Salaam majuma kadhaa baadaye. Hasira ya mshairi ilikuwa na nafasi ya kupoa.

Hapa yafaa tutofautishe malumbano na ngonjera. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyeistawisha ngonjera, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilitumika sana mashuleni. Katika ngonjera, mjinga na mwerevu hujibizana, na mwishowe mjinga hukubali. Ni fani nzuri ya kufundishia, lakini wote wawili wametungwa na mtu mmoja, naye ameshaamua nani atashindwa. Katika malumbano, yule wa upande wa pili ni mtu hai. Ana akili zake, ana uchungu wake, na hakukubali mapema kuwa ndiye mjinga. Makosa mengi ya walumbi wetu yametokana na kusahau tofauti hii: wamemjibu mtu hai kana kwamba ni mjinga wa ngonjera.

Mgogoro wa vina na mizani

Mfano mkubwa ni mgogoro wa ushairi uliopamba moto katika miaka ya 1970. Kaluta Amri Abedi alikuwa ameandika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na wengi waliulea ushairi wao kwa sheria hizo. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi wakatoa Malenga wa Bara. Malumbano yakazuka magazetini, vitabuni na katika makongamano.

Nikiupima mgogoro huo leo, naona kila upande ulikuwa na hoja nzito. Washika-sheria walisema kwamba shairi la Kiswahili ni wimbo, na kwamba mizani ndiyo inayolifanya liimbike na kukaa kichwani mwa asiyejua kusoma. Hoja hiyo ni ya kweli. Wapenda-mabadiliko walisema kwamba nyimbo nyingi za watu wetu hazina vina, nazo ni ushairi. Hoja hiyo nayo ni ya kweli, na sisi wa nyanda hizi twaweza kuishuhudia. Katika ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, mwimbishaji hutoa neno na kundi likaitikia. Uzuri wa wimbo umo katika mapigo, katika mwitikio na katika fumbo, wala hakuna anayehesabu silabi za mwisho.

Ubaya ulikuja pale ambapo hoja iliachwa, mtu akashikwa. Wapo waliosema kwamba fulani hatungi kwa vina kwa sababu hajui Kiswahili, au kwa kuwa ni mtu wa bara. Wengine nao waliwaita washika-sheria watu wa kale wasiofikiri. Lakini waliotunga Malenga wa Bara walijua kutunga kwa vina na mizani, na walifanya hivyo. Aliyesema hawawezi hakuwa amewasoma. Alikuwa akijibizana na mtu aliyemuumba mwenyewe kichwani. Na mwisho wa mgogoro ulikuwa nini? Leo mwanafunzi wa sekondari hufundishwa mashairi ya kimapokeo na mashairi huru pamoja. Hakuna aliyemfukuza mwenziwe. Matusi yamesahauliwa, na hoja za pande mbili zimebaki darasani.

Kosa langu mwenyewe

Nisingependa msomaji adhani kwamba nawahukumu wengine nikiwa nimejitenga. Mwaka 1991, nikiwa kijana niliyemaliza kidato cha nne na kuajiriwa serikalini hapa Masasi, nilisoma gazetini shairi la mtu wa upande wa Newala nisiyemjua. Wakati ule zao la korosho lilikuwa limeanguka. Nchi iliyopata zaidi ya tani 140,000 katika msimu wa 1973/74 ilikuwa imeshuka hadi chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Sababu zilikuwa nyingi: bei duni, watu kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, na ugonjwa wa ubwiriunga unaokausha maua. Wataalamu walileta unga wa salfa na mashine za kuupuliza. Mshairi yule aliuliza mambo mawili tu: vumbi lile litawafanya nini wapulizaji, na mkulima atalipaje deni la dawa ikiwa bei ya korosho itaanguka?

Mimi nilijiona askari wa maendeleo. Nikamjibu, na ubeti mmoja wa jibu langu ulikuwa huu:

Umeleta ndugu hoja, isiyokaa mezani,
Mzee umekongoja, na akili i gizani,
Dawa yaleta faraja, kwa mkorosho shambani,
Mjinga hana daraja, arudi tena shuleni.

Mwalimu na auandike ubeti huu ubaoni, wanafunzi wauhesabu. Kila mshororo una mizani kumi na sita, nane kwa nane. Kina cha kati ni ja, cha mwisho ni ni, wala hakuna kilichopotea. Hata neno ndugu limo. Marafiki zangu walinipongeza, na shairi lilipotoka nikalikata nikalihifadhi. Lakini ni ubeti mbovu. Mshororo wa kwanza unasema hoja yake ni mbovu, bila kuitaja hoja yenyewe. Wa pili unamwita mzee, nami sikujua umri wake, nilimdhania tu. Wa tatu unajibu swali ambalo hakuliuliza, maana hakukana kwamba dawa huponya maua. Wa nne ni tusi lililovishwa vina.

Yule bwana hakujibu. Niliusubiri ukurasa wa mashairi miezi mingi, kisha nikauhesabu ukimya wake kuwa ushindi wangu. Miaka ilipopita, kazi ilinipeleka vijijini wakati wa kupuliza. Niliwaona vijana wamefunga vitambaa puani, macho mekundu, wakikohoa katika wingu la manjano. Niliwasikia wakulima wakipiga hesabu za madeni ya pembejeo. Dawa ilifanya kazi yake, na mikorosho ilizaa tena. Katika hilo sikukosea. Lakini maswali mawili ya mtu yule yalikuwa bado yamesimama, nami ndiye niliyesaidia kuyanyamazisha. Kama angejibiwa vyema, huenda wasomaji wengi wangejifunza mapema kufunika nyuso zao na kuuliza bei kabla ya kukopa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kumnyamazisha mtu na kumshinda kwa hoja ni mambo mawili tofauti.

Nimekwisha kusema kwamba kanuni za malumbano zilishika nafasi ya utani. Mfano wangu waonyesha kwamba kanuni hizo husaidia, lakini hazitoshi. Nilizifuata zote nne: nilisalimu, nilitumia bahari yake, nilitia sahihi na sanduku la posta, na nilikuwa na majuma ya kufikiri. Kitu nilichokosa ni nia ya kumsikia.

Namna ya kuyahakiki malumbano darasani

Kwa hiyo nawashauri walimu wenzetu, wanapofundisha malumbano, wasiishie kwenye umbo. Baada ya kuhesabu mizani na kutaja vina, na waulize maswali matatu. La kwanza: je, mshairi amelitaja neno la mwenziwe kama lilivyosemwa, kiasi kwamba mwenyewe angelikubali? La pili: je, amejibu hoja, au amemjibu mtu? La tatu: je, ameacha mlango wa kujibiwa, au ameufunga kwa tusi? Shairi lililoshindwa maswali haya limeshindwa kama malumbano, hata likiwa na vina vya dhahabu. Na shairi huru, au hata barua ya nathari, ikiyafaulu maswali hayo, imetimiza kazi ya mlumbi.

Haja ya mafunzo haya imekuwa kubwa zaidi kwa kijana wa leo. Yeye hana masika ya Rufiji ya kumpoza. Simu iko mkononi. Aweza kubishana na mtu wa Mombasa au wa Muscat kuhusu mtambo mpya, dawa mpya au siasa, na kumtukana kabla chai yake haijapoa. Jina lake laweza kufichika, na hana mhariri wa kumrudishia shairi akamwambia alitengeneze. Kanuni tatu kati ya nne zimemtoka. Imebaki ile moja tu, ya kuyabeba maneno ya mwenzako kabla ya kuyajibu, na hiyo hakuna wa kumlazimisha aifuate ila mafunzo yake mwenyewe.

Yule ndugu wa Newala sijapata kumjua hadi leo, wala sijui kama yu hai. Lakini jibu nililomnyima nimelitunga, ingawa nimechelewa zaidi ya miaka thelathini. Ubeti wake wa kwanza ndio huu, nao wanafunzi waupime kwa maswali yale yale:

Nimesoma lako swali, la vumbi la hiyo dawa,
Wauliza na la mali, deni tutakalopewa,
Moja nitalikubali, la pili sijaelewa,
Tujibizane kwa kweli, pasi mtu kuonewa.