Neno "Rice" na Majina Yake Matatu

Walimu wengi tumezoea kuandika ubaoni neno la Kiingereza upande wa kushoto, na neno la Kiswahili upande wa kuume, kana kwamba kila neno la huku lina pacha wake kule. Njia hii ni nyepesi, lakini ina hasara. Leo twataka kulipima neno moja dogo, "rice", ambalo watoto hulijua tangu madarasa ya mwanzo, tuone kama hulijua kweli.

Kwetu Mbeya jambo lenyewe si geni. Mtu akishuka Kyela karibu na Ziwa Nyasa, au akienda Mbarali katika bonde la Usangu, ataona mashamba ya mpunga. Ukivunwa na kupurwa ungali mpunga, maana ganda lake halijatoka. Ukikobolewa ndipo upatapo jina la mchele. Mchele ukipikwa ukaiva, ni wali. Mtu asemaye kwamba amekula mpunga huchekwa, na asemaye kwamba amepanda wali huchekwa zaidi. Lakini Mwingereza huyaita yote matatu "rice", wala hachekwi na mtu.

Je, lugha yake ni maskini? Sivyo. Uingereza si nchi ya mpunga. Nafaka hii ilifika huko kwa biashara, na jina lake lilipitia Kifaransa cha kale, asili yake ikiwa Kilatini na Kiyunani. Watu walioiona dukani na mezani tu hawakuhitaji majina mengi. Walipopata haja ya kuutaja mpunga peke yake, waliazima neno "paddy" katika lugha ya Wamalai, ambao ni wakulima wa mpunga. Wala sisi tusijivune, maana twasema "mkono" tu pale ambapo Mwingereza ana maneno mawili, "hand" na "arm". Kila watu huvigawa vitu kwa kadiri ya kazi zao.

Basi kosa haliko katika lugha, bali liko kwa mfasiri asiyeuliza. Mara nyingi maana hujitokeza yenyewe: "rice" iliyo shambani ni mpunga, na iliyo katika sahani ni wali. Taabu ni ile iliyomo katika gunia. Hapo neno halisemi kama ganda lingalipo au limekwisha kutoka, na tofauti yake ni kubwa. Mpunga kilo 100 ukikobolewa hutoa mchele kilo 60 hadi 70 hivi. Zilizobaki ni makapi na pumba. Tuseme mkulima ameahidi mpunga kilo 1,000, na mfasiri akaandika "mchele". Mkulima huyo hawezi kulipa deni hilo pasipo mpunga kilo 1,500 hivi. Hasara hiyo haikuletwa na mvua wala na ndege, imeletwa na neno moja. Ndiyo sababu Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika hesabu zake za mavuno, hutenga mpunga na mchele.

Kamusi nzuri huyaweka maneno yote matatu, lakini kamusi haimchagulii mtu. Kwa hiyo twawashauri walimu wenzetu waache kuandika ubaoni kwamba "rice" ni wali, kisha wapite. Na waandike yote matatu, wamfundishe mtoto kuuliza maswali mawili kabla ya kufasiri: Je, imekobolewa? Je, imepikwa? Akiwa hapati jibu katika maandishi, na amwulize aliyeandika, asibahatishe. Watoto wetu wengi wamekwisha kufukuza ndege katika mpunga na kupepeta mchele nyumbani. Maarifa wanayo tayari. Kazi yetu ni kuwakumbusha wayatumie wanaposoma Kiingereza.