Mtandao wa Duka Usikae Kichwani mwa Fundi

Duka lenyewe ni la vipuri vya magari, Kariakoo, Dar es Salaam. Chini kuna kaunta yenye kompyuta mbili, ghorofani ofisi ya mhasibu, na nyuma ya jengo, ukishavuka ua, kuna stoo. Kompyuta nne, printa mbili, kamera sita, na simu za wafanyakazi tisa. Karibu kila asubuhi programu ya mauzo ilikuwa inaganda. Muuzaji anaandika namba ya kipuri, kioo kinabaki kimya, mteja naye amesimama na pesa mkononi. Wengine walichoka kusubiri wakaenda duka la jirani.

Kabla hajaniita, mwenye duka alikuwa ameshapandisha kifurushi cha intaneti mara mbili. Tatizo likabaki palepale, kilichoongezeka ni gharama. Naichambua kazi ile hatua kwa hatua kwa sababu ndani yake yamo makosa karibu yote ninayoyakuta kwenye biashara ndogo. Pia ilinithibitishia jambo ambalo sisi mafundi hatulisemi sana: mtandao mzuri wa duka ni ule unaoendelea kufanya kazi hata aliyeujenga asipopatikana.

Tatizo liko upande gani?

Swali la kwanza ni hili: programu inayoganda inapita wapi? Hapa ilikuwa haitoki nje kabisa. Hifadhidata ya bidhaa imo kwenye kompyuta ya mhasibu, na kaunta huisoma kupitia mtandao wa ndani. Ombi la muuzaji linapanda ghorofani na kurudi, basi. Halimfikii mtoa huduma wa intaneti. Kuongeza kifurushi ilikuwa sawa na kupanua Barabara ya Morogoro ili mtu atoke jikoni aingie sebuleni haraka.

Nikakaa kaunta nikatumia amri ya ping, ambayo huiuliza mashine nyingine kama ipo na kupima jibu linachukua muda gani. Kwenye mtandao wa ndani wenye afya, jibu la waya hurudi chini ya milisekunde 1, na la waifai ndani ya milisekunde chache. Kompyuta ya kwanza ilijibiwa kwa milisekunde 4, kisha 300, kisha kimya, kisha 6. Ya pili haikujibiwa hata mara moja. Nikaandika ipconfig kwenye zote mbili. Ya kwanza ilikuwa na anwani 192.168.1.14. Ya pili, iliyo ubavuni mwake kabisa, ilikuwa na 192.168.0.103.

Namba hizo mbili zilitosha. Kila kifaa kikiwashwa huita mtandaoni kuomba anwani, na kifaa kimoja, kwa kawaida ruta, ndicho kinachogawa. Huduma hiyo huitwa DHCP, na mtandao mmoja hutakiwa uwe na mgawaji mmoja. Nilifuata waya hadi ofisini nikakuta, nyuma ya kabati, ruta ya pili. Kuna mtu aliileta kutoka nyumbani ili waifai ishike vizuri huko juu, akachomeka waya kwenye tundu la LAN, yaani la mtandao wa ndani, nayo ikaanza kugawa anwani zake. Mafahali wawili zizi moja. Kila asubuhi mashine zilipowashwa, iliyojibiwa na ruta ya ofisini iliingia upande wake, iliyojibiwa na ruta ya chini ikabaki upande mwingine. Siku ambayo mashine zote ziliangukia upande mmoja, biashara ilikwenda. Siku zilipogawanyika, kaunta ilimwita mhasibu asiyesikia. Ndiyo maana tatizo lilikuja na kuondoka, na kila mfanyakazi akawa na maelezo yake.

Aliyeleta ruta ile hakuwa na nia mbaya. Aliona shida akaitatua kwa alichokuwa nacho. Kilichokosekana ni karatasi moja inayoonyesha mtandao ulivyo, ambayo angeitazama kabla ya kuchomeka.

Kisichotembea kipewe waya

Kuiondoa ruta ile kulimaliza nusu ya tatizo. Nusu nyingine, yale majibu ya milisekunde 300, ilitokana na waifai. Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na katika mtaa wa Kariakoo kila duka na kila ofisi ya juu yake inazigombania. Simu yangu ilionyesha mitandao zaidi ya 30 nikiwa nimesimama kaunta. Kompyuta ya mauzo haina sababu ya kuingia kwenye ugomvi huo. Kwa hiyo nilishika kanuni moja: kisichotembea kipewe waya. Kompyuta, printa na kamera zikavutiwa kebo. Waifai ikabaki kwa simu.

Stoo ilikuwa na kebo tayari, ya mita 70 hivi. Kwa urefu haikuwa na kosa, maana kiwango huruhusu hadi mita 100. Ila katikati ilikuwa imeunganishwa kwa kusokota nyuzi na kuzungushia selotepu, na njia nzima ilikuwa imefungwa pamoja na waya wa umeme. Nilipokwangua ncha ya uzi mmoja kwa kisu, rangi ya shaba ikatoka, ndani kukaonekana kweupe: alumini iliyopakwa shaba. Kebo ya namna hiyo ni nyepesi na ya bei rahisi, lakini upinzani wake kwa umeme ni mkubwa na nyuzi zake hukatika upesi. Kipimo hicho cha kisu ukifanye dukani, mbele ya muuzaji, kabla hujalipia boksi la mita 305.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hata mafundi wazoefu huteleza. Ndani ya kebo kuna nyuzi nane, jozi nne, na kila jozi imesokotwa. Msokoto huo ndio kinga yenyewe: kelele ya nje ikiingia huzigusa nyuzi mbili za jozi kwa kiasi karibu sawa, na kifaa cha upande wa pili, kwa kuwa kinasoma tofauti kati ya nyuzi hizo, huifuta. Mpangilio nilioutumia ni T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Tazama kijani. Nyuzi zake hazikai pamoja. Moja iko nafasi ya 3, nyingine ya 6, kwa sababu vifaa huzihesabu nafasi hizo kuwa jozi moja. Fundi anayepanga rangi kwa jinsi anavyoziona zinapendeza, chungwa na chungwa, kijani na kijani, huweka kwenye nafasi ya 3 uzi wa kijani na kwenye ya 6 uzi wa buluu. Nyuzi hizo hazikusokotwa pamoja, kwa hiyo kinga imevunjika.

Ubaya ni kwamba testa ya kawaida haiwezi kulikamata kosa hilo. Taa zitawaka moja hadi nane kwa zamu, vizuri kabisa, mradi ncha zote mbili zimekosewa kwa namna moja. Kebo itapita mtihani mezani, kisha itaangusha data kazini. Vichwa vyote viwili vya kebo ya stoo nilivikuta hivyo hivyo. Basi kariri mpangilio, na unapobana kichwa usifungue msokoto zaidi ya sentimita moja na kidogo.

Anwani zenye maana na vyumba vyenye milango

Ruta nyingi za dukani hutoka kiwandani zikiwa na 192.168.0 au 192.168.1. Nilihamisha duka lote kwenye 192.168.20. Faida yake ni kwamba siku mtu akichomeka tena ruta ya nyumbani, kifaa chenye anwani ngeni kitajulikana kwa kutazama tarakimu tu. Kisha nikazigawa: 1 ni ruta, 2 hadi 9 swichi na vituo vya waifai, 10 hadi 29 kompyuta, 30 hadi 39 printa. Hizo hazibadiliki. Kuanzia 100 hadi 199 ruta inagawa yenyewe. Printa iliyokuwa "inapotea" kila wiki haikupotea tena, kwa sababu tatizo lake lilikuwa kubadilika anwani.

Kamera na simu nilizitoa kwenye mtandao wa mauzo. Swichi tuliyonunua, ya matundu 16, inakubali VLAN, yaani kuugawa mtandao mmoja wa waya kuwa mitandao kadhaa isiyoonana. Fikiria nyumba ya kupanga: korido ni moja, lakini kila mpangaji ana mlango na ufunguo wake. Kamera zina chumba chao, simu zina chao, na ruta ina amri moja iliyo wazi: simu ziende intaneti tu, zisiguse kompyuta za mauzo. Kirusi kikiingia kwenye simu ya kijana wa kaunta, kitakuta mlango wa hifadhidata umefungwa.

Swichi hiyo ina jambo jingine ambalo zile za bei ya chini kabisa hazina. Ukichomeka ncha mbili za kebo moja kwenye swichi isiyo na kinga, ujumbe unaotumwa kwa wote huzunguka bila mwisho, ukijizidisha hadi mtandao mzima unasimama. Dawa yake ilibuniwa mwaka 1985 na Radia Perlman, mhandisi wa Marekani aliyekuwa kampuni ya DEC: swichi huzungumza zenyewe, hutambua duara, na hufunga tundu moja ili ibaki njia bila kitanzi. Wiki ya tatu mtunza stoo aliona kebo inaning'inia, akaichomeka ili kuwe nadhifu. Duka halikuhisi chochote. Swichi ililifunga tundu lile ikaandika tukio kwenye kumbukumbu zake.

Bahari, umeme na akiba

Mwenye duka aliuliza kwa nini tusihamishie programu yote kwenye intaneti kama wengine. Nilimkumbusha Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora, Tanzania ikiwa miongoni mwa walioumia zaidi. Siku kama hiyo kuwa na laini ya mtandao wa pili hakukuokoi ikiwa kampuni zote mbili zinachota kisima kimoja. Laini ya pili tuliiweka, maana husaidia waya wa mtaani ukikatwa. Lakini mauzo yalibaki ndani. Intaneti ikiondoka, duka linauza.

Kubaki ndani kuna wajibu wake. Ruta, swichi na kompyuta yenye hifadhidata vipo kwenye UPS, yaani betri inayoshika umeme ukikatika, na tarehe ya kununua betri imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito ubavuni. Nakala ya akiba hutunzwa kwenye diski mbili za nje zinazopokezana: moja inapokea nakala ya jioni, nyingine iko nyumbani kwa mhasibu. Diski inayokaa imechomekwa muda wote haihesabiki kuwa akiba, kwa sababu programu za kuteka data hufunga kila zinachokiona. WannaCry ya Mei 2017 ilifundisha hilo dunia nzima, na waliopona wengi walikuwa wameshaweka kiraka ambacho Microsoft ilikitoa Machi mwaka huohuo. Kwa hiyo masasisho yana siku yake, Jumapili duka likifungwa. Mara moja kwa mwezi mhasibu hurudisha faili moja kutoka kwenye diski, alifungue, alisome. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni matumaini tu.

Daftari

Kazi ya mwisho ilichukua nusu siku, na kama ningeambiwa nibakize moja tu, ningebakiza hiyo. Kila kebo ina namba kwenye ncha zote mbili. Mlangoni mwa kabati la swichi kuna karatasi ya A4 ndani ya plastiki: tundu, namba ya kebo, kifaa, anwani. Nywila za ruta na swichi, tulizozibadilisha siku ya kwanza, zimo kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu. Mipangilio ya ruta imehifadhiwa kwenye flashi, pamoja na ruta ya akiba ya aina ileile ndani ya boksi lake. Mwenye duka alisita kununua ruta ambayo haitatumika, hadi tulipopiga hesabu ya asubuhi moja bila mauzo.

Najua kwa nini wengi wetu hatuandiki. Fundi anayejua peke yake ataitwa tena, na kuitwa ni pesa. Lakini duka ambalo haliwezi kufungua mlango mpaka mtu mmoja apokee simu limejengewa rehani badala ya mtandao. Mteja aliyekulipa kujenga amelipia na maarifa ya kile ulichojenga.

Miezi minne baadaye umeme ulirudi kwa kishindo, ruta ikaungua licha ya UPS. Mimi nilikuwa Dodoma. Mtunza stoo, yuleyule wa kebo iliyoning'inia, alinipigia akiwa ameshasimama mbele ya kabati. "Fundi, boksi ninalo, flashi ninayo. Nianzie wapi?" Nilimwelekeza apakie mipangilio, kisha arudishe kebo kwa namba. Dakika 25 baadaye kaunta zilikuwa zinauza.

Kabla hajakata simu akaniambia kitu kimoja zaidi. Kwenye karatasi, tundu la 7 na la 8 nilikuwa nimeyabadilishana. Printa ya stoo iko la 8. Alikuwa ameshalirekebisha kwa kalamu.