Namba 22

Watu hupenda kuulizana: mgawa karata wa kasino akimwonea huruma mchezaji maskini, akamdokeza kwa jicho kwamba asiongeze karata, je, ametenda wema au ameiba? Jibu la haraka ni kwamba ameiba, maana fedha ya mezani si yake. Hata hivyo iko filamu ya Kimarekani ya mwaka 1942, Casablanca, iliyoongozwa na Michael Curtiz, ambayo kila niitazamapo hunifanya nisite.

Ni wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mji huo wa Moroko umejaa wakimbizi wanaotafuta viza za kwendea Lisbon, na kutoka huko Marekani. Bibi mmoja kijana kutoka Bulgaria ameelezwa na mkuu wa polisi namna nyingine ya kuzilipia, namna ambayo mumewe hapaswi kuijua. Mume mwenyewe yuko kwenye meza ya ruleti, anamalizia akiba yao. Rick, mwenye kilabu, anayeigizwa na Humphrey Bogart, anamwambia ajaribu namba 22, huku akimtupia jicho mchezeshaji. Inatoka 22. Anamwambia aziache palepale. Inatoka 22 tena! Kwenye gurudumu lenye nafasi 37, jambo hilo hutarajiwa mara moja katika 1,369.

Wengi humsifu Rick, nami namsifu. Fedha ni yake, hasara ni yake. Kinachonikera ni gurudumu. Ikiwa limetii usiku huu, limetii usiku mwingine upi, na kwa faida ya nani? Emil, mchezeshaji, haulizi kitu wala mkono haumtetemeki. Ni mkono uliokwisha zoea. (Mwigizaji wake, Marcel Dalio, alikuwa Myahudi aliyeikimbia Ufaransa mwaka 1940; yeye hakuhitaji kuelezwa thamani ya viza.) Filamu inatuchekesha hapo, kisha inapita upesi mno.

Nasema haya nikiwa na deni. Nilipokuwa mkufunzi, mwanachuo mmoja alipungukiwa alama 3 katika mazoezi ya kufundisha. Baba yake alikwisha kufa, na wadogo zake wanne walikuwa wakimtazamia yeye. Nikamwongezea. Usiku ule nililala usingizi wa mtu mwema. Lakini alama hazikuwa mali yangu kama fedha ya Rick ilivyokuwa yake. Waliolipa ni watoto wa darasa alilopangiwa, ambao hawakuwapo mezani. Na wenzake waliofeli mwaka ule kwa alama zilezile walifunga masanduku wakaenda kwao, nao walikuwa na wadogo zao.

Katikati ya furaha ile ya kilabuni, mteja mmoja anamuuliza mhudumu kama mchezo wa pale ni wa haki. Mhudumu, huku amejaa tabasamu, anamhakikishia kwamba ni wa haki kabisa. Ningependa kamera ingebaki kidogo na mteja yule, nione kama aliweka fedha tena.