Sifa ya Pigo Lililozuiwa

Tarehe 7 Agosti 2021, katika ukumbi wa Budokan jijini Tokyo, Tareg Hamedi wa Saudia alikuwa mbele kwa pointi nne kwa moja katika fainali ya karate ya Olimpiki. Akarusha teke la juu. Likampata Sajad Ganjzadeh wa Iran, likamwangusha, naye akatolewa kwa machela hajitambui. Waamuzi wakajadiliana, kisha dhahabu wakampa yule aliyekuwa amezirai. Hamedi akaondoka na fedha, kwa kosa la kupiga bila kujizuia.

Mitandaoni watu walicheka sana. Nadhani mzee wa Kibajuni aliyekulia kwenye kirumbizi asingecheka.

Kirumbizi ni mchezo wa fimbo wa mwambao wetu. Lamu wanao, Pemba wanao, na Wabajuni wanao. Wanaume huzunguka uwanja, ngoma zikalia, zumari ikapanda juu yake, wawili wakaingia kati na fimbo zao. Huyu hutupa pigo, yule hukinga. Fimbo kwa fimbo, mlio mkavu unaosikika mitaa ya mbali. Miguu haisimami. Inafuata ngoma, na hapo ndipo ulipo ugumu wake, kwani mchezaji anatakiwa apigane na acheze kwa wakati mmoja, na akikosa kimojawapo amekosa vyote viwili. Aliyechoka hutoka, mwingine akapokea fimbo, uwanja usipoe.

Fimbo ile ni ya kweli. Ikishuka kwenye utosi itapasua. Kwa hiyo kila pigo zuri la kirumbizi lina mambo mawili ndani yake: nguvu ya kutosha kumlazimisha mwenzako akinge kwa dhati, na kiganja kilicho tayari kuikata safari ya fimbo iwapo mwenzako amechelewa. Mtu asiyejua hutazama ncha ya fimbo. Anayejua hutazama kiganja, kwa sababu ndicho kinachoonyesha kama huyu ni fundi au ni kijana mwenye hasira zake tu. Kupiga kwa nguvu kila mwenye misuli anaweza. Kupiga kwa nguvu huku umebakiza nafasi ya kughairi, hiyo ndiyo kazi.

Karate ya mashindano imejengwa juu ya kazi hiyo hiyo, ila yenyewe imeiandikia sheria. Mkeka una mita nane kwa nane. Ngumi safi ni pointi moja, teke la kiwiliwili mbili, teke la kichwa tatu. Lakini pigo likienda usoni linatakiwa lifike, liguse kidogo tu, lirudi. Likizidi, aliyelitupa huonywa, na likizidi sana hufukuzwa mchezoni kama Hamedi. Katika Michezo ya Afrika kule Rabat mwaka 2019 karate ilikuwamo, na ukitaka kuifaidi michezo kama hiyo usihesabu pointi ubaoni. Tazama mkono unavyorudi. Mkono wa fundi hurudi kiunoni kwa kasi ile ile uliyoendea, na macho yake hayatoki kwa mpinzani hata mwamuzi akiwa ameshanyanyua mkono.

Sheria hizo, hata hivyo, zina hasara yake. Wapo wachezaji waliojifunza kugusa na kukimbia, wakachuma pointi kwa vipigo visivyoweza kumtisha hata kuku. Kirumbizi nacho kina ugonjwa wa aina hiyo. Kikichezwa kwa ajili ya kamera za wageni, fimbo hugongana kwa mpangilio uliokwisha kukubaliwa na hakuna anayekinga kwa hofu. Kujizuia kuna maana pale tu ambapo kuna kitu kikubwa cha kuzuiwa.

Watu husahau kwamba karate ni sanaa ya visiwani. Ilitoka Okinawa, na ni mwalimu wa shule wa huko, Gichin Funakoshi, aliyeionyesha Tokyo mwaka 1922. Wenzake wa Okinawa walikuwa na sanaa ya silaha pia, na mojawapo ya silaha hizo ni kasia la mvuvi. Wanalo zoezi zima la kasia, na ndani yake mna mbinu ya kuchota mchanga wa ufukweni na kumrushia adui machoni. Nilipoisoma habari hiyo nilifikiria Koyama mara moja. Kisiwa kile cha matumbawe, kusini mwa Kismayu nchini Somalia, ni cha wavuvi na mabaharia wanaosema Kibajuni, na mchanga hawaukosi. Mtu wa Koyama angeielewa mbinu ile kabla hajamaliza kuelezwa.

Wengi wa watu hao leo wako mbali na kisiwa. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wasio na silaha waliporwa na kufukuzwa, wakashuka na vyombo vyao hadi Lamu na Mombasa, na baadhi yao wakafika hata Ulaya. Mtu anayekimbia habebi ngoma. Fimbo ataipata popote, lakini kirumbizi kinataka pia mpiga ngoma, duara la watu wanaojua kutazama, na mwenzako unayemwamini kiasi cha kumpa utosi wako. Kitu hicho cha mwisho ndicho kigumu kukikusanya upya katika mji wa ugenini.

Jambo moja karate imetuzidi. Katika Olimpiki ile ile Feryal Abdelaziz wa Misri alitwaa dhahabu ya wanawake wa zaidi ya kilo 61, mbele ya macho ya wasichana wa Afrika nzima. Kirumbizi kimebaki cha wanaume, na sijasikia sababu ya maana.

Mara kwa mara huulizwa kwa nini michezo yetu ya asili haiingizwi katika mashindano makubwa. Karate yenyewe haikuwamo Paris mwaka 2024, kwa hiyo mlango huo si mpana. Lakini kama siku moja kirumbizi kitaingia, naomba kisipewe waamuzi wanne wa pembeni wenye bendera. Apewe kazi hiyo mpiga zumari. Yeye anaona kila kitu, na kwa kupandisha au kushusha sauti anaweza kuwatia moto wachezaji au kuwapoza kabla damu haijatoka. Kumpata ndiko kutakuwa na kazi: ni lazima awe amejifunza kuvuta hewa kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma, zumari isikatike hata nukta moja, na somo hilo halimalizwi kwa semina ya siku tatu hotelini.