Shujaa na Nguvu ya Joka: Kinjeketile na Mashetani

Fasihi ya kimapinduzi haiishii katika kutuonyesha shujaa akimpiga adui. Inatakiwa ituonyeshe pia shujaa huyo anaifanyia nini nguvu aliyoipata. Kwa kipimo hicho, tamthilia mbili za Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969) na Mashetani (1971), zastahili kusomwa pamoja. Ya pili haiendelezi hadithi ya kwanza. Wahusika ni wengine na zama ni nyingine. Inachoendeleza ni swali lake: adui akishaondoka, nguvu iliyomwondoa hubaki mikononi mwa nani?

Tuanze na historia. Wazee walisimulia kwamba mwaka 1904, huko Ngarambe, Kinjeketile Ngwale alichukuliwa na mzimu wenye umbo la nyoka mkubwa, akazama majini, akatoka kesho yake nguo zake zikiwa kavu. Maji aliyoyagawa yaliunganisha makabila yaliyokuwa yakilimishwa pamba kwa nguvu na Wajerumani. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita viliendelea hadi 1907, na hesabu ya Wajerumani wenyewe ilitaja vifo 75,000.

Mwanafunzi wa Bashay asidhani kuwa haya ni mambo ya Rufiji peke yake. Mila za Wairaqw wa Mbulu na Hanang zinazijua neetlaangw, roho zikaazo katika chemchemi na mito, ambazo mtu hazichezei. Msomaji wa huko ataelewa upesi kwamba atokaye majini na nguvu huenda ametoka pia na deni. Hussein amelishika jambo hili barabara. Katika tamthilia yake, mzimu Hongo anaahidi ushindi kwa kinywa cha Kinjeketile. Kisha kinywa hicho hicho kinatamka kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Yaani Mjerumani atoke, Sultani aingie!

Hapo ndipo penye kishawishi. Nguvu ya joka haimjii shujaa kama uovu. Inamjia kama ukombozi, na umati uko tayari kufa kwa ajili ya neno lake. Kinjeketile anatishika, anataka umoja na maandalizi vitangulie vita. Lakini neno limekwisha kumzidi mwenyewe aliyelitoa. Akiwa mfungwa anatakiwa aseme kuwa maji yalikuwa uongo, naye anakataa, ili vizazi vijavyo visiambiwe kwamba kupigana na mkoloni kulikuwa kosa. Uamuzi huo ni wa kishujaa. Hata hivyo, tusiufumbie macho udhaifu wake: shaka iliyohusu maisha ya maelfu ilihukumiwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja.

Tulinganishe na slufay, sala ya Wairaqw. Mzee hunena, na waliokusanyika humwitikia kwa pamoja. Neno halikamiliki bila kiitikio. Neno la Kinjeketile lilishangiliwa, na kushangilia si kuitikia: anayeitikia ameshiriki, anayeshangilia amepokea tu.

Katika Mashetani swali linaingia zama za uhuru. Wanafunzi wawili, Juma na Kitaru, wanaigiza chini ya mbuyu. Juma ni shetani, Kitaru ni binadamu, na binadamu anamwua shetani. Mbona basi mshindi ndiye anayeugua? Ukoo wa Juma ulipoteza mali katika Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Jamaa za Kitaru wanapanda ngazi. Shetani ameuawa, lakini kiti chake hakikuvunjwa. Mwaka ule ule wa 1971, Mwongozo wa TANU uliwakataza viongozi kiburi na uonevu. Mwandishi na Chama waliona ugonjwa mmoja.

Kasoro ya Mashetani ni kwamba ugonjwa huo unabaki sebuleni mwa wasomi. Mkulima na mfugaji hawamo, ilhali wao ndio wanaokanyagwa na joka likibadili ngozi. Katika miaka ya 1970 na 1980, mkoloni akiwa amekwisha ondoka, mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma, yalitwaa malisho ya Wabarbaig wilayani Hanang kwa jina la taifa. Nani aliitikia uamuzi ule?

Azimio la Arusha la 1967 lilijaribu kuifunga nguvu hiyo kwa masharti ya uongozi. Mwaka 1991, huko Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Kwa hiyo tamthilia hizi hazijazeeka. Kada azisome darasani pamoja na wanakijiji, na baada ya kumsifu shujaa aulize: nguvu hii imetolewa na nani, nani anaweza kuihoji, na nani anaweza kuirudisha ilikotoka? Shujaa asiyeweza kuulizwa hivyo amekwisha kuwa joka, hata kama mkuki wake bado una damu ya joka la kwanza.